Je, Mkimbizi Ana Haki ya Kupumzika?

 

Wengi wenu mnajua kwamba mwishoni mwa mwezi wa Septemba 2025 baadhi yetu, watu 22 wa kwaya na wa umoja wa akina mama pamoja na watoto wachache, tulitoka huku Ruyigi tukashuka Bujumbura. Kanisa moja la mtaa wa Buyenzi ndilo lililotualika. Jumapili asubuhi, tarehe 28, tuliimba katika ibada yao. Baada ya hapo wakatupeleka kando ya Ziwa Tanganyika, tukakaa huko mchana ule na siku nzima ya Jumatatu. Hakukuwa na semina wala mafunzo. Hakuna aliyetugawia daftari na kalamu. Tulikaa kando ya maji, basi.

Tuliporudi tulisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kama ilivyo desturi yetu. Mama mmoja akasema, "Tumepumzika. Mungu ametupumzisha." Ndipo mzee mmoja wa kanisa, ambaye sote tunamheshimu, akauliza kutoka benchi la mbele, "Mmepumzika kutoka kazi gani?"

Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini usiku hatukucheka tena, maana swali lile lilikuwa limeingia ndani. Ni kweli, kazi gani? Mashamba yetu tuliyaacha Fizi, Itombwe na Uvira. Vijana wetu waliosoma ualimu hawana shule ya kufundisha. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2025, na hata kazi ya kupika imepungua. Mtu asiye na kazi atapumzikaje? Na mtu ambaye jirani yake amelala njaa, je, ni halali kwake kwenda kukaa kwenye mchanga na kumshukuru Mungu?

Tumelizungumza jambo hili miezi kadhaa kati yetu, na tumeona ni vyema tuwaandikie. Hatumjibu mzee wetu kwa kujitetea. Swali lake ni la haki, na lilitulazimisha kufikiri jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri.

Kwanza tuwaeleze safari, kwa ajili ya wale ambao hawakuisikia. Karatasi za ruhusa ya kutoka tuliziomba mapema, na Jumamosi alfajiri tukaanza safari. Gitega tulisimama muda mrefu sana tukitafuta mafuta ya gari, kwa sababu mnajua shida ya mafuta katika nchi hii miaka hii. Tuliimba nyimbo zote za kitabu tukazirudia. Muramvya ikapita, tukafika Bugarama kwenye baridi na ukungu, wauzaji wa karoti na kabichi wakakimbilia madirishani. Kutoka pale barabara inateremka kwa mizunguko mingi, na wapanda baiskeli wenye mizigo ya ndizi wanashuka kwa kasi ya kutisha (wakina mama walifumba macho). Mwishoni, kwenye kona moja, ziwa likaonekana chini yetu.

Kelele zikaisha ndani ya gari. Wale wazee wetu waliolizaliwa kando yake hawakusema neno. Kijana mmoja wa miaka 14, aliyezaliwa kambini na ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuona ni ya mto, akauliza kama hiyo ndiyo bahari. Kesho yake alipofika ufukoni jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuchota maji kwa kiganja na kuonja, kwa sababu shuleni walimfundisha kwamba bahari ina chumvi. Akageuka akatuambia, kama mtu aliyeletewa habari njema, "Haina chumvi!" Mama mkubwa mmoja akamwambia, "Mwanangu, haya ni yetu ya kunywa."

Mwalimu mmoja aliyekuwa pamoja nasi alimweleza kijana kwamba hakukosea sana. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika karibu mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi. Nchi nne zinalinywa: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Na maji yake yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo, na mwisho yanafika baharini kweli. Kwa hiyo bahari ipo, ila iko mbali.

Jumapili ile hatukuona ng'ambo. Mnajua jinsi kiangazi kinavyokuwa: vumbi na moshi hujaa hewani, na milima ya Kongo hufichika kabisa hata mtu mgeni hawezi kuamini kwamba ipo. Ufuko tuliokaa ni ule ulio upande wa barabara ya Gatumba, ambao wenyeji huuita Saga. Watu walikuwa wengi, vijana wa mjini wakicheza mpira, mishikaki ikichomwa, muziki wa juu. Askari wa zamu alituonya kwamba jua likitua tusikae karibu na maji kwa sababu ya viboko. Sisi tulikaa kando, tumejikunja kama watu waliokuja kwenye arusi wasiyoalikwa. Mama mmoja alishindwa kabisa kukaa bure. Alichukua kitenge chake kilichokuwa safi akakifua ziwani. Akakianika, kikakauka, akakifua tena.

Usiku ule mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha. Jumatatu asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa, na milima ilikuwa pale, yote, kijani na bluu, karibu sana hata mtu angedhani anaweza kuhesabu miti. Uvira iko karibu kilomita 30 tu kwa barabara kutoka Bujumbura. Baadhi yetu tulianza kuonyeshana kwa vidole: kule ni bonde la mto fulani, huko juu ni njia ya kupanda na ng'ombe, nyuma ya mgongo ule kulikuwa na kanisa letu la bati. Wengine waliketi wakaipa milima mgongo. Hatukuwalaumu.

Na kuna mwenzetu mmoja ambaye hakutaka kukaa kabla ya kwenda Gatumba. Ninyi mnaojua, mnajua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 watu zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia vita, waliuawa katika kambi ya muda pale Gatumba, na wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Mama huyu ana mtoto wake katika kaburi lile la pamoja. Miaka 21 ilikuwa imepita na hakuwa amerudi kule. Akasema, "Siwezi kuangalia maji wakati huyu yuko hapo karibu na sijamsalimu." Basi tukaenda, si wote, karibu nusu yetu, na katika hao nusu walikuwemo Wabembe na Wafulero, jambo ambalo tunaliandika kwa makusudi. Tulisimama, tukaomba, mama akalia muda mrefu. Kisha tukarudi ziwani, akavua viatu, akaketi ambapo maji yanafika miguuni, akalala usingizi akiwa ameketi. Hatukuwahi kumwona mama yule amelala mchana.

Sasa turudi kwenye swali la mzee wetu.

Mtu asiyetujua akipita hapa kambini saa nne asubuhi atasema kwamba sisi tunapumzika kila siku. Ataona wanaume wameketi chini ya mti, akina mama mbele ya nyumba, vijana wakicheza mchezo wa vifuniko vya chupa kwenye ubao. Lakini waulize wanafanya nini. Watakujibu wanangoja. Wanangoja siku ya mgao. Wanangoja jina litoke kwenye orodha. Wanangoja simu ya ndugu aliyetangulia. Wanangoja habari kwamba kijiji kimetulia. Kuna familia hapa Ruyigi ambazo zimekuwa zikingoja tangu kambi ya Bwagiriza ilipofunguliwa mwaka 2009, na kuna wengine waliokuwa wamemaliza mahojiano yao yote na kuuza hata vyungu, kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Hao sasa wanangoja kitu ambacho hawajui kama bado kipo.

Tulipokuwa ziwani tuligundua kwamba huku kukaa kwetu kote si kupumzika hata kidogo. Kungoja ni kazi, tena ni kazi nzito kuliko kulima, maana mkulima jua likizama anaweka jembe chini. Anayengoja haweki chochote chini. Hata usingizini anasikiliza. Anakula akiwa ameelekeza sikio mlangoni. Mtoto akimwita, anamjibu bila kumtazama.

Kwa siku ile moja na nusu kando ya maji hatukungoja kitu. Hakuna orodha ambayo ingesomwa pale. Simu nyingi zilikuwa zimezimika, na hakuna aliyetafuta umeme wa kuzichaji. Mawimbi yalikuja, yakarudi, na wala hayakuwa na habari yetu. Mzee, hilo ndilo jibu letu kwa swali lako: tulipumzika kutoka kazi ya kungoja.

Tulipoanza kutafuta katika Maandiko tulikuta jambo ambalo tulilisoma mara nyingi bila kuliona. Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni uumbaji, kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: Waisraeli wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Na katika sehemu zote mbili wanaotakiwa kupumzika wametajwa, hata mtumishi, hata mnyama wa kufugwa, na mgeni anayekaa katikati yao. Mgeni! Yule asiye na shamba wala urithi katika nchi ile. Haikuandikwa kwamba apumzike akishakuwa mwenyeji, au akishathibitisha kwamba amechoka. Amewekwa katika amri ile ile pamoja na mwenye nyumba.

Tena kuna habari ya Farao katika Kutoka 5. Musa na Haruni walipomwomba watu waende safari ya siku tatu jangwani kumfanyia Mungu sikukuu, Farao aliwaita wavivu, akaamuru watafute majani wenyewe na hesabu ya matofali isipunguzwe. Hatumfananishi mzee wetu na Farao, Mungu apishe mbali! Ila tumeona kwamba tangu zamani maskini akiomba kupumzika, neno la kwanza atakalosikia ni uvivu. Na ubaya wa sisi wakimbizi ni kwamba Farao huyo tumemweka ndani ya vichwa vyetu. Yule mama aliyefua kitenge safi mara mbili hakuwa na mtu wa kumwamrisha. Alijiamrisha mwenyewe, kwa aibu ya kuonekana amekaa.

Jambo la pili ni shukrani, na hapa tunataka kusema kwa uangalifu.

Sisi watu wa kambini tunajua kushukuru kuliko watu wote. Gari la wageni likiingia, watoto wanapangwa mstari, kwaya inavaa sare, tunaimba, tunapiga makofi. Tumeshukuru kwa sabuni, tumeshukuru kwa shitingi, tumeshukuru hata kwa ahadi. Hatusemi kwamba ni vibaya, maana wengi walitusaidia kwa moyo na shukrani ni wajibu wa mtu aliyelelewa vizuri. Lakini tukubali ukweli mbele za Mungu: shukrani hiyo ina woga ndani yake. Tunaogopa kwamba tusipoimba vizuri hawatarudi. Imekuwa kama kodi tunayolipa. Na mtu anayelipa kodi ya shukrani kila wiki, moyo wake huchoka, na siku akitaka kumshukuru Mungu kweli anakuta maneno yote yameshatumika.

Zaburi ya 137 inasimulia watu waliohamishwa kwa nguvu, wakaketi kando ya maji ya nchi ngeni wakalia, wakatundika vinubi vyao mitini. Wengi tunadhani kwamba walikataa kuimba kwa sababu walikuwa na huzuni. Someni tena. Waliowateka ndio waliotaka wimbo, ili wafurahishwe. Walichokataa ni wimbo wa kuagizwa. Watu hao hao, katika Yeremia 29, waliandikiwa barua kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na kuuombea amani mji ule walikopelekwa. Basi huzuni yao na bustani zao zilikaa pamoja muda mrefu, na Mungu hakuwalazimisha wachague moja.

Jumatatu ile saa kumi, watoto wakiwa majini na samaki aina ya mukeke wakichomwa kwa mkaa, mama mmoja alisema "Asante" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu. Hakukuwa na mgeni wa kumsikia wala mtu wa kupiga picha. Hatukuanza wimbo. Mwingine akasema naye "Asante," kisha mwingine. Baadaye tulimwuliza alishukuru nini, naye alishindwa kutaja kitu. Hakushukuru kwa sababu ya kukimbia, wala kwa vita, wala kwa kambi. Tusidanganyane katika mahubiri yetu kwamba Mungu alituletea mabaya haya ili atuonyeshe ziwa. Milima ilikuwa mbele yetu na kaburi la Gatumba lilikuwa nyuma yetu, na hakuna kilichosahauliwa. Yeye alishukuru kwa alichokuwa nacho mkononi saa ile: maji miguuni, watoto wanapiga kelele ya furaha na si ya hofu.

Tunafikiri kwamba hapa shukrani na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Anayengoja hawezi kushukuru, kwa kuwa macho yake yako kwa kile ambacho hakijafika. Akiacha kungoja hata kwa saa moja, ndipo anaona kilichofika.

Lakini tuseme pia upande mwingine, maana manung'uniko yaliyotufikia si ya mzee peke yake. Ndugu wengine walisema kwamba nauli na mafuta ya gari la watu 22 yangenunua unga. Ni kweli. Yangenunua unga wa siku chache kwa nyumba kadhaa. Wengine waliuliza, kwa nini hao 22 na si wengine? Hilo nalo ni kweli. Wagonjwa hawakwenda, wala wazee wasioweza kukaa garini, wala wale wasio wa kwaya ambao pengine wamechoka kuliko sisi. Pumziko la mmoja mara nyingi linalipwa na mwingine. Hata ziwa lenyewe linatufundisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye upande wake wa ziwa hili kwa miezi mitatu, kutoka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lilipumzika, nalo linahitaji, kwa sababu ndagala na mukeke wamepungua sana. Lakini mvuvi wa Kigoma aliyekula kwa nyavu zake kila siku alikula nini miezi ile? Walawi 25 inaagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba, na papo hapo watu wanauliza watakula nini. Biblia haifichi swali hilo. Haitoi amri ya kupumzika bila kufikiria nani atabeba njaa yake.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tulikuwa na haki na ninyi hamkuwa nayo. Tunasema ni haki ya wote, na sisi tuliipata kabla ya wengine bila kustahili zaidi. Hilo linatuacha na deni. Tumekubaliana na umoja wa akina mama kwamba mwaliko mwingine ukija, majina yataanzia upande wa pili: wagonjwa wanaoweza kusafiri, wajane wasioimba, na wale wanaolea wagonjwa na hawajatoka nyumbani miaka mingi. Na tumeona kwamba si lazima liwe ziwa. Mmoja wetu amependekeza kwamba kila Jumatano mchana nyumba tatu zichukue watoto wa nyumba ya nne, ili mama wa nyumba hiyo akae peke yake mpaka jioni bila kuulizwa chochote. Tumeanza. Mama wa kwanza alitumia muda wake wote kuja kuwachungulia watoto. Itachukua muda.

Marko 6 inasimulia jinsi Bwana Yesu alivyowaona mitume wake hawana nafasi hata ya kula, akawaambia waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Wakapanda chombo. Lakini watu waliwaona wakiondoka, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia. Walipofika ng'ambo umati ulikuwa tayari pale, naye akawahurumia, akaanza kufundisha, na jioni kukawa na kazi ya kulisha watu elfu tano. Basi pumziko lao lilikuwa na urefu gani? Lilikuwa na urefu wa kuvuka maji tu. Zamani tulidhani habari hii ni ya pumziko lililoharibika. Sasa hatuna hakika. Pengine ule muda ndani ya chombo, makasia yakigonga maji na hakuna anayeomba kitu, ulitosha kwa kazi iliyokuwa inawangoja ng'ambo.

Tunasema hivi kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Kabla ya hapo, mwezi wa Februari 2025, tulikuwa tumewaona maelfu wakivuka mto Rusizi na kujaa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Kisha mwezi wa Desemba, miezi miwili na kidogo baada ya sisi kukaa pale ufukoni, vita vilifika Uvira. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi kwa siku chache, na wengi wakaletwa huku kwetu Ruyigi, katika eneo la Busuma. Ile milima tuliyoonyeshana kwa vidole, watu walikuwa wanaikimbia.

Baadhi yetu waliona aibu kuu. Tulimshukuru Mungu tukitazama nchi ambayo wakati ule ule ilikuwa inakaribia kuungua. Tulijiuliza kama shukrani yetu ilikuwa ya kipumbavu. Tuliomba juu ya jambo hilo na bado hatuna jibu kamili. Ila tuliona kitu kimoja. Wageni walipofika, waliokuwa wa kwanza kwenda kuwapelekea sufuria na nguo za watoto walikuwa wale mama wa ziwani, naye wa kwanza kabisa alikuwa yule mama wa Gatumba. Hatusemi kwamba ziwa ndilo lililowapa nguvu. Wangeenda hata bila ziwa. Lakini yeye mwenyewe alisema, alipoulizwa, kwamba alikuwa amelala kidogo, sasa angeweza kukesha.

Na yule kijana aliyeonja maji alikwenda nasi. Alimkuta mtoto wa umri wake kutoka Uvira, mtaa wa karibu na bandari, ameketi juu ya bidoni tupu bila kuzungumza na mtu. Kijana wetu hakujua aanzie wapi, akamwambia kwamba yeye aliwahi kufika ziwani, upande wa Bujumbura, na kwamba kutoka pale aliiona Uvira. Yule mtoto akanyamaza, halafu akasema kwamba wao pia walikuwa wanakwenda ufukoni jioni, na usiku waliona taa za Bujumbura. Akauliza kama wakati ule sisi tulikuwa pale. Wakaanza kuhesabu siku kwa vidole, wapate kujua kama jioni moja walikuwa wakitazamana.